Kalenda ya Ukucha

William Bean, daktari wa Marekani, alikuwa na miaka 32 alipochukua tupa ndogo akakwaruza mstari juu ya ukucha wa kidole gumba cha mkono wake wa kushoto, pale unapochomoza kutoka kwenye ngozi. Tarehe mosi ya mwezi uliofuata akakwaruza mwingine, akaandika wa kwanza umesogea kiasi gani. Akaendelea hivyo mwezi kwa mwezi kwa miaka 35. Hakuwa mgonjwa na hakuwa akitafuta dawa. Alitaka kujua ukucha wa binadamu hutembea kwa mwendo gani. Alipoanza, ukucha wake ulikuwa ukisogea milimita 0.123 kwa siku. Alipofika miaka 67 ulikuwa umechoka kidogo, ukisogea milimita 0.095. Wapo watakaosema hiyo ni shughuli ya mtu aliyekosa shughuli. Mimi sioni kumbukumbu nyingine iliyoandikwa juu ya kucha yenye faida kuishinda hiyo, na ndiyo maana naanza nayo makala ya fangasi. Maradhi haya yana dawa. Dawa zenyewe zimepimwa, nguvu zake zinajulikana na madhara yake yanajulikana. Bado wengi wanaoanza kujitibu huishia kukata tamaa, na hoja yangu ni kwamba kinachowashinda ni hesabu. Tumezoea kalenda ya malaria: dawa mseto siku tatu, siku ya nne mtu yuko shambani au ofisini. Ukucha haufuati kalenda hiyo, wala hauna haraka na mtu.

Ule ugumu tunaoukata, kuupaka hina na kuung'ata tukiwa na wasiwasi hauna uhai. Ni tabaka juu ya tabaka za protini iitwayo keratini, ileile inayounda nywele zetu na kwato za ng'ombe. Uhai uko shinani, chini ya ngozi, ambako seli huzaliwa, hugandamana na kusukumwa mbele. Ukucha wa mkono huchukua takriban miezi 6 kujibadilisha wote; wa kidole gumba cha mguu, unaotembea kama milimita moja na nusu kwa mwezi, huchukua miezi 12 hadi 18. Fangasi anayeshambulia kucha mara nyingi zaidi, aitwaye Trichophyton rubrum, chakula chake ni keratini hiyo. Kwa kawaida huanzia kwenye ngozi ya unyayo au katikati ya vidole, hupenya chini ya ncha ya ukucha au pembeni, kisha huchimba polepole kurudi nyuma kuelekea shinani. Ukucha hugeuka manjano au rangi ya maziwa, hunenepa, hujaa ungaunga kwa chini, hukatika ovyo. Sasa, kitu kisicho na uhai hakina namna ya kupona. Ngozi iliyochubuka hupona, mfupa uliovunjika huunga, lakini ukucha ulioharibika hungoja kubadilishwa. Dawa haiwezi kuuchukua ukucha mbovu ikaufanya mzuri. Kazi yake ni kumzuia fangasi asiuguse ule mpya unaozaliwa, mpaka ule wa zamani usogee, ufike nchani, ukatwe na kutupwa. Lugha yetu ina neno moja kwa kucha za vidole na kwa kule kucha kwa usiku. Sidai kwamba maneno hayo ni ndugu, ila picha yake inafaa hapa: ukucha mpya hucha kama kunavyokucha, mwanga ukianzia upande mmoja, chini kabisa, na anayetazama upande wa pili bado anaona giza tu.

Tupige hesabu basi. Dawa inayotegemewa zaidi leo ni terbinafini. Mtu mzima humeza kidonge kimoja cha miligramu 250 kila siku, wiki 6 kwa kucha za mikono, wiki 12 kwa za miguu. Wiki 12 ni vidonge 84. Katika siku hizo 84 ukucha wa kidole gumba cha mguu utakuwa umesogea milimita nne hivi. Kwa hiyo siku mgonjwa anapomeza kidonge cha mwisho, akiwa ametii kila sharti, macho yake bado yanaona ukucha ambao sehemu yake kubwa ni mbovu kama ulivyokuwa. Asipoambiwa mapema ataona ametapeliwa. Wengi hawafiki hata huko: wiki ya tatu wanatazama, hawaoni tofauti, wanaacha, na habari inasambaa mtaani kwamba dawa za hospitali haziwezi fangasi wa kucha. Mtu huyohuyo angeambiwa ana kifua kikuu angemeza dawa miezi 6 bila kubishana, kwa sababu muda huo hutajwa tangu siku ya kwanza na kurudiwa kila anapokwenda kliniki. Kwa ukucha hakuna anayetaja muda. Anapewa vidonge, anaambiwa asubuhi kimoja, basi. Na kuna jambo jingine asiloambiwa, ambalo lingemtuliza: terbinafini hujikita ndani ya keratini na kubaki humo kwa miezi baada ya kidonge cha mwisho. Vidonge vinakwisha, ulinzi unaendelea. Ndiyo sababu unamezwa kwa miezi mitatu uponyaji unaohitaji mwaka.

Dawa iliyotangulia haikuwa na sifa hiyo, na historia yake ni fundisho. Grisiofulvini ilipatikana London mwaka 1939, katika maabara ya Harold Raistrick, kutoka kwa kuvu wa jamii ya Penicillium, jamii ileile iliyotupa penisilini. Kwa miaka mingi hakuna aliyeifikiria kuwa dawa ya binadamu. Waliojishughulisha nayo walikuwa watu wa kilimo, waliotaka kukinga mimea. Mwaka 1958 James Gentles wa Glasgow, ambaye alikuwa amechunguza fangasi wa miguu kwa wachimba makaa ya mawe wa Uskoti, aliwalisha dawa hiyo simbilisi wenye fangasi wa ngozi, wakapona. Ilikuwa mara ya kwanza kwa dawa ya kumeza kumfuata fangasi ndani ya ngozi na nywele, na mpaka leo grisiofulvini imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani kwa sababu ya mapunye ya watoto. Kwenye kucha za miguu, hata hivyo, iliwachosha watu. Huondoka mwilini upesi mara inapoachwa, hivyo ilibidi imezwe mpaka ukucha wote ubadilike, mwaka mzima, mwaka na nusu, na hata baada ya mateso hayo walioshindwa walikuwa wengi kuliko waliopona. Terbinafini ilipoingia madukani katika miaka ya 1990 ilipunguza muda wa kumeza. Muda wa kungoja haikuupunguza, kwa kuwa huo ni wa ukucha wenyewe na hakuna dawa inayouamuru.

Ushahidi mkubwa wa jambo hili ni utafiti wa nchi kadhaa za Ulaya uliochapishwa mwaka 1999 katika jarida la madaktari wa Uingereza. Wagonjwa wa kucha za miguu waligawanywa: wengine terbinafini kila siku, wengine itrakonazoli, dawa nyingine ya fangasi, kwa mtindo wa wiki moja ya kumeza na wiki tatu za kupumzika. Waliomeza terbinafini kwa wiki 12, asilimia 76 hivi hawakukutwa tena na fangasi. Waliotumia itrakonazoli kwa muda kama huo, asilimia 38. Watu wengi huishia kwenye namba hizo mbili, nani kamshinda nani. Mimi huishia kwenye namba ya tatu, ile ya wiki ambayo matokeo yalipimwa: wiki ya 72. Watafiti wenyewe, wenye maabara na wafadhili, walijua kwamba kumhukumu mgonjwa wiki ya 12 ni kumdhulumu. Wakangoja karibu mwaka na miezi mitano. Kisha baadhi yao, huko Iceland, wakawafuata wagonjwa wao kwa miaka mitano, na wakakuta waliobaki bila fangasi bila kuhitaji matibabu mengine ni asilimia 46 kwa terbinafini na asilimia 13 kwa itrakonazoli. Namba hiyo ya 46 nitairudia mbele, kwa sababu inauma.

Duka la dawa la mtaani, kwa upande wake, halina wiki 72. Mteja anavua kiatu, anaonyesha kidole, anapewa tyubu ya klotrimazoli. Klotrimazoli ni dawa nzuri ya ngozi na sina ugomvi nayo. Lakini ukucha ni bamba lililoshonana, na krimu hubaki juu yake kama mafuta juu ya bati. Walio chini ya bati hawajui hata kwamba kuna vita. Watengeneza dawa walilijua tatizo hilo, wakabuni dawa za kupaka mfano wa rangi ya kucha, kama siklopiroksi ya asilimia 8 na amorolfini ya asilimia 5, na baadaye efinakonazoli. Hata hizo hazifanyi maajabu. Katika majaribio yake siklopiroksi, ikipakwa kila siku kwa wiki 48, ilisafisha ukucha kabisa kwa watu wasiofika mmoja kati ya kumi. Efinakonazoli ilifika asilimia 15 hadi 18. Zina mahali pake: ugonjwa mwepesi, uliogusa chini ya nusu ya ukucha na haujafika shinani, au mgonjwa asiyeweza kumeza vidonge. Zinasaidia zaidi ukucha ukipunguzwa unene kwanza, kwa tupa au kwa mafuta ya urea ya asilimia 40 yanayolainisha. Ila anayeziuza aseme ukweli kwamba mteja atapaka mwaka.

Kuna wanaonipinga wakisema dawa za nyumbani zimewaponya watu: siki, kitunguu saumu, limau, mwarobaini, au yale mafuta ya mentholi na kafuri tunayopaka kifuani wakati wa mafua. Sizibezi zote kwa mkupuo. Mwaka 2011 madaktari wa Marekani walichapisha jaribio dogo la mafuta hayo ya kifuani. Watu 18 walipaka kila siku kwenye ukucha wa mguu, na watano wakapona kabisa. Hakukuwa na kundi la kulinganisha, na 18 ni watu wachache, kwa hiyo siwezi kujengea nyumba juu yake. Ninachokitazama ni muda: walipaka wiki 48. Hata dawa ya nyumbani, pale inapofua dafu, hufua kwa kalenda ileile. Anayekuahidi kwamba maji yake ya majani yatasafisha ukucha ndani ya siku saba hajui ukucha, au anajua na anakudanganya. Kemikali kali za kufulia na mafuta ya taa ni shauri jingine. Hizo huunguza ngozi ya pembeni na kumfungulia mlango bakteria, na fangasi anabaki alipo.

Hesabu ina mwanzo wake, nao ni kujua unachokihesabia. Kati ya kucha zote zilizoharibika ambazo watu huzipeleka kwa daktari, takriban nusu tu ndizo zenye fangasi. Nyingine zimepigwa na viatu vinavyobana au mpira wa miguu, nyingine zina soriasisi, ugonjwa wa ngozi usio wa fangasi, nyingine ni uzee. Mwenye soriasisi akimeza vidonge 84 atakuwa amevimeza bure. Na yuko mmoja mmoja ambaye kosa hilo hugharimu zaidi ya pesa. Mwaka 1977 Bob Marley aligunduliwa kuwa na saratani aina ya melanoma chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu, mahali palipokuwa pakihusishwa na majeraha ya mpira. Alifariki Miami tarehe 11 Mei 1981 akiwa na miaka 36. Saratani hiyo kwa watu weusi haipendi sana mgongo na mabega kama kwa wazungu. Hupendelea nyayo, viganja na chini ya kucha. Mstari mweusi ndani ya ukucha huwa wa kawaida kwa wengi wetu, hasa ukiwa kwenye vidole vingi. Ukiwa kwenye kidole kimoja, ukipanuka au ukimwaga weusi wake kwenye ngozi ya shina, usipelekwe dukani. Upelekwe hospitali wiki hiyohiyo.

Hapa nitakatizwa na watakaosema kwamba vipimo ni ghali na viko mbali. Si ghali kiasi hicho. Kipimo cha msingi ni ungaunga wa chini ya ukucha, matone ya potasiamu haidroksaidi ya kuyeyusha keratini, kioo, na hadubini ileile inayotafuta vimelea vya malaria na vijidudu vya kifua kikuu. Kinachokosekana zaidi ni mkono uliofundishwa. Ungaunga wa nchani mara nyingi una mabaki ya fangasi waliokufa. Unaotakiwa ni ule wa ndani, karibu na mpaka wa ukucha mzima, na usipochukuliwa hapo majibu yatasema hakuna kitu na kumbe kipo. Mikono hiyo inafundishwa: Moshi, pale hospitali ya KCMC, kipo tangu 1992 kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, na matabibu waliopita hapo wametoka nchi nyingi za Afrika na kurudi kwao. Pingamizi lenye uzito zaidi limetoka mbali. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani walipiga hesabu za nchi yao wakaona kwamba terbinafini ya kumeza imekuwa rahisi kiasi kwamba kumtibu mgonjwa bila kipimo kunaokoa fedha. Nakubali hesabu hiyo ilipofanyiwa. Lakini ilimchukulia mgonjwa ambaye daktari ameshamtazama ukucha na kuuweka katika mizani ya maradhi mengine. Wetu humtazama muuzaji, na muuzaji humtazama mteja mwenzake anayesubiri nyuma. Ukiondoa kipimo na ukaondoa na jicho la tabibu, kilichobaki ni bahati nasibu.

Kucha za mikono zina kisa chake, nacho ni kifupi. Mama lishe, mfua nguo, muuza samaki, yeyote ambaye mikono yake haikauki kutwa nzima, akivimba pembeni mwa ukucha na ukucha ukaanza kuwa na mawimbi, mara nyingi kilichoanza ni maji. Maji yameondoa kile kizibo cha ngozi kinachofunga shina la ukucha, ndipo kandida na bakteria wakaingia. Huyo hata akimeza terbinafini mpaka Idi, mikono ikirudi kwenye beseni maradhi yanarudi. Glovu zenye kitambaa cha pamba ndani, kuacha kukata ule utando wa shinani, na krimu ya tabibu ya kutuliza uvimbe vina faida kuliko kidonge.

Pingamizi linalotajwa kuliko yote ni ini. Watu wanasema, na wanasema kwa uzito, kwamba vidonge vya fangasi huua ini, na kwa nini mtu ahatarishe ini kwa ajili ya ukucha? Hofu hiyo ina mzizi wa kweli, ila imepandwa kwenye mti usio wake. Dawa iliyotia doa kundi zima ni ketokonazoli ya kumeza. Mwaka 2013 mamlaka za dawa za Ulaya zilipendekeza iondolewe kwa matibabu ya fangasi, na za Marekani zikaibana. Mwaka 2016 Wamarekani wakatoa onyo tena baada ya kifo cha mgonjwa aliyeandikiwa kwa ajili ya ukucha. Vidonge hivyo visimezwe kwa kazi hii, na anayepewa akatae. (Krimu na shampuu yake ni habari nyingine, haziingii kwenye damu kwa kiasi cha kutisha.) Terbinafini nayo huweza kuumiza ini, lakini makadirio yaliyopo ni mtu mmoja kati ya maandikio 50,000 hadi 120,000. Hatari hiyo ni ndogo lakini ipo, hivyo kipimo cha ini kabla ya kuanza kina maana, hasa kwa mnywaji wa pombe na mwenye homa ya ini. Mkojo ukiwa na rangi ya koka, macho yakiwa manjano, hamu ya chakula ikipotea, vidonge vinaachwa siku hiyo. Wengine hupoteza ladha mdomoni kwa wiki kadhaa au zaidi. Si hatari, lakini mpishi angependa kuambiwa. Kinachonitia wasiwasi zaidi katika nchi zetu ni mchanganyiko. Rifampisini ya kifua kikuu huiondoa terbinafini mwilini upesi, na huidhoofisha itrakonazoli vibaya sana. Itrakonazoli haifai kwa mwenye moyo ulioshindwa kusukuma damu, na inagombana na dawa nyingi, zikiwemo baadhi za kupunguza lehemu. Mjamzito angoje ajifungue. Ukucha unajua kungoja kuliko sisi.

Wapo pia wasemao ni urembo tu. Kwa baadhi ya watu nawaunga mkono. Mzee wa miaka 80 mwenye ukucha mmoja mnene usiomuuma, miguu yake ina hisia na damu inafika, ana haki ya kuuacha na kuukata mfupi, na tabibu mwenye busara hatamsukuma. Lakini kauli hiyo haiwezi kuwa ya wote. Mwenye kisukari ambaye miguu imekufa ganzi hasikii ukucha mnene unapomchoma kidole jirani. Jeraha linaanza bila taarifa, linaoza, na tunajua kidole hicho huishia wapi. Ukucha unaoanza kuwa mweupe kutoka shinani, tofauti na njia ya kawaida ya kuanzia nchani, umejulikana kwa muda mrefu kuwa ishara ya kinga iliyoshuka, na mtu huyo apime virusi vya UKIMWI kama hajapima. Halafu kuna nyumba. Ukucha mmoja ni ghala la mbegu linalomwaga kila siku bafuni, kwenye mkeka na kwenye shuka.

Nilisema namba ya 46 inauma. Zaidi ya nusu ya waliotibiwa kwa dawa bora hawakubaki salama miaka mitano bila msaada mwingine, na hilo ndilo jiwe zito kabisa linaloweza kurushiwa hoja yangu: hesabu ya nini ikiwa ugonjwa unarudi? Jibu liko kwenye kiatu. Inaaminika kwamba Trichophyton rubrum aliishi zamani katika sehemu za Asia ya Kusini-Mashariki, Afrika Magharibi na kaskazini mwa Australia, akiwa kwenye ngozi ya mwili ya watu waliotembea pekupeku. Wakoloni na askari waliofika na mabuti ndio waliompa makao mapya, yenye giza, joto na jasho, kisha wakamsafirisha hadi Ulaya na Amerika. Wachimba makaa wa Gentles walikuwa na mabuti na mabafu ya pamoja. Sisi leo tuna viatu vya shule vya kufunika kutwa nzima, mabuti ya mpira, raba za mtumba ambazo hatujui mguu uliotangulia, na kandambili za msikitini ambazo kila aingiaye kutawadha huvaa. Tuna vijana wanaozunguka mitaani na kikapu cha rangi na beseni, tupa moja na jiwe moja kwa wateja wa siku nzima. Siwalaumu wao, bei tunayowalipa haina nafasi ya kuchemsha vifaa. Beba tupa yako. Kausha katikati ya vidole, badilisha soksi kila siku, acha kiatu kipumzike juani siku moja kati ya mbili, na ngozi ya unyayo ikianza kuwasha au kubanduka ndipo tyubu ya klotrimazoli inapostahili pesa zake. Huko ndiko fangasi anakotokea, na akipigwa huko mapema hafiki kwenye ukucha.

Tyubu hiyo iwe ya klotrimazoli peke yake. Krimu za mchanganyiko zenye steroidi kali hutuliza muwasho siku mbili, mtu akafurahi, huku fangasi akienea chini ya utulivu huo. India imeshalipa gharama: huko, matumizi holela ya krimu hizo yamehusishwa na kuenea kwa fangasi wa ngozi aliyepewa jina la Trichophyton indotineae, ambaye mara nyingi haisikii terbinafini, na mwaka 2023 aliripotiwa New York. Krimu za namna hiyo zinauzwa kwetu bila cheti.

Kama una vidonge mkononi, vimeandikwa na tabibu, kipimo kimeonyesha fangasi na ini limepimwa, fanya alichofanya Bean. Chukua tupa, yako mwenyewe, ukwaruze mstari mwembamba pale ukucha mzima unapokutana na ule mbovu, na uandike tarehe. Usiutazame kila siku. Baada ya miezi miwili mstari utakuwa umesogea milimita tatu hivi kuelekea nchani. Ubovu ukiwa umebaki mbele ya mstari, dawa inafanya kazi, hata kama ukucha bado unatisha. Ukiwa umevuka mstari kurudi shinani, nenda kwa tabibu, na usinunue tyubu nyingine njiani.